Faili la Hesabu Likigoma Kufunguka, Usikimbilie Kupiga Window

Umeme umekatika ukiwa katikati ya kuandika matumizi ya mwezi. Unawasha tena kompyuta, unabofya faili lako la GnuCash, ile programu ya bure ya hesabu, na programu inadai kuna mtu mwingine amelifungua. Hakuna mtu. GnuCash ikifungua faili huweka pembeni yake kijifaili chenye jina lilelile na herufi LCK mwishoni, na ikifungwa kwa utaratibu hukiondoa chenyewe. Umeme ukikatika, kijifaili kinabaki. Hakikisha kweli hakuna anayelitumia, hasa kama liko kwenye folda mnayochangia na mwenzi wako au mhasibu wa kikundi, kisha ichague amri ya kulifungua hivyo hivyo. Data uliyokwisha kuhifadhi kwa kawaida haijaguswa.

Naanza na mfano huu kwa sababu kwenye dawati la msaada wa TEHAMA ndio tunaoukuta mara kwa mara, na kwa sababu unaonyesha tatizo lenyewe lilipo. Faili la hesabu za nyumbani au za biashara ndogo huwa zima, au lina nakala zake nzima palepale kwenye folda. Linaloliua ni haraka yetu: kufuta mafaili "yasiyoeleweka", kusakinisha programu upya, au kumwachia fundi apige window, yaani asakinishe Windows upya, kabla hajauliza data iko wapi.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, nakili folda nzima kwenye flashi au diski ya nje, pamoja na yale mafaili yenye majina marefu ya ajabu. Majaribio yote yafanyike kwenye nakala. Faili la asili lisiguswe.

Hayo majina marefu ndiyo yenye mali. Ukitumia muundo wa kawaida wa GnuCash, ambao ni XML (maandishi yenye alama za kuyapanga), kila unapohifadhi, faili la zamani hubaki kama nakala rudufu yenye tarehe na saa ndani ya jina. Ukiona mahesabu.gnucash.20250314183042.gnucash, hiyo ni nakala ya tarehe 14 Machi 2025, saa 12 na dakika 30 jioni. Usipobadilisha mipangilio, nakala hizi huwekwa kwa siku 30. Ifungue ya karibuni kabisa iliyo nzima, ihifadhi kwa jina jipya, na mara nyingi kazi imekwisha.

Ukiwa umepoteza miamala uliyoandika baada ya nakala hiyo, tafuta faili la jina kama hilo linaloishia na log. Humo programu huandika kila muamala ulioongezwa, uliobadilishwa au uliofutwa, hata kama hukuwahi kuhifadhi. Kwenye menyu ya faili, sehemu ya kuingiza data, ipo amri ya kuurudia mfululizo huo juu ya nakala ya zamani. Angalia tarehe kwa makini: log lazima iwe ile inayoendelea pale nakala ilipoishia. Na ijulikane kwamba log hushika miamala tu. Akaunti mpya uliyoifungua siku ile, tuseme "Ada ya Shule", itabidi uifungue tena kwa mkono.

Waliochagua kuhifadhi kwa SQLite, ambao ni muundo wa hifadhidata, hawana nakala hizo za kila mara, kwa kuwa kila badiliko huandikwa moja kwa moja kwenye faili. Ni muundo mzuri, lakini bekapu ni jukumu lako.

Je, faili likikataa kabisa? Angalia ukubwa wake. Likiwa na baiti 0, humo hamna kitu. Rudi kwenye nakala. Likiwa na ukubwa wa kawaida, bado kuna matumaini, maana faili la XML la GnuCash kwa kawaida hubanwa tu kwa gzip, njia ya kupunguza ukubwa wa faili. Programu ya bure kama 7-Zip inaweza kulikunjua, na ndani utakuta maandishi ya kawaida yenye tarehe, kiasi na maelezo ya kila muamala. Hata faili lililokatika mwishoni linaweza kutoa sehemu kubwa ya yaliyotangulia.

Lililofutwa kwa bahati mbaya ni suala jingine. Tazama kwanza pipa la taka la kompyuta. Kama halimo, acha kuitumia diski hiyo papo hapo, kwa sababu kila kinachoandikwa juu yake kinaweza kufunika data yako. PhotoRec, programu ya bure, husoma diski na kurudisha mafaili bila majina yake ya awali, hivyo tegemea kupekua rundo la mafaili. Kwenye diski za SSD, zile zisizo na sahani inayozunguka, nafasi ya kulirudisha ni finyu mno, kwa kuwa kompyuta huiambia diski mapema isafishe sehemu zilizofutwa.

Mafaili ya programu nyingine za hesabu, Quicken na Microsoft Money, hutufikia zaidi kutoka kwa watu waliowahi kuishi Marekani au Uingereza. Money iliacha kuuzwa tarehe 30 Juni 2009, lakini mwaka 2010 Microsoft ilitoa toleo la bure liitwalo Sunset, lisilohitaji kuamilishwa, na mafaili mengi ya mny hufunguka humo. Ukifanikiwa, toa data kwa muundo wa QIF, wa kuhamishia miamala kati ya programu za hesabu, kisha uiingize kwenye programu inayoendelea kutunzwa. Hapo chunga tarehe. QIF haisemi kama 03/04/2008 ni Aprili 3 au Machi 4, na Wamarekani hutanguliza mwezi. Ukikosea chaguo hilo, miamala yako inaweza kuangukia miezi isiyo yake. Kwa Quicken, chungulia kwanza folda ya BACKUP iliyo karibu na faili lako la data, linaloishia na QDF. Toleo la zamani halifungui faili lililokwisha kupandishwa na toleo jipya, kwa hiyo usihangaike na CD ya miaka ile.

Onyo moja kali: usipakie faili lako kwenye tovuti zinazoahidi "kufungua faili lolote" au kuvunja nenosiri. Humo mna mshahara wako, madeni yako, pengine na namba za akaunti za benki.

Faili likishafunguka, usiliamini bado. Chukua taarifa ya benki na ya pesa za simu, chagua mwisho wa mwezi mmoja kabla ya ajali, na ulinganishe salio. Likilingana, songa mbele mwezi kwa mwezi mpaka leo. Lisipolingana, rudi nyuma mpaka upate mwezi unaolingana na uanzie hapo. Mwenye biashara asiruke hatua hii, kwani sheria za kodi za Kenya na Tanzania zinamtaka atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na salio lisilolingana na benki ni vigumu kulieleza mbele ya mkaguzi.