Lamu Mashariki: kiti cha watu 22,258 na hesabu inayokingoja

Kila panapotajwa ukaguzi wa mipaka ya uchaguzi, swali la kwanza kutoka Faza hadi Kiunga, katika eneobunge la Lamu Mashariki, pwani ya Kenya, ni hili: je, kiti chetu kitafutwa? Wanasiasa hulijibu haraka, kwamba hakuna wa kuthubutu. Sisi tunaotoa elimu ya uraia hatuna ruhusa ya kujibu hivyo. Nitaanza na hesabu, kisha niingie kwenye historia, maana hesabu peke yake haisemi kwa nini watu wa sehemu hii ni wachache.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 22,258 Lamu Mashariki na 121,662 Lamu Magharibi, jumla 143,920 kwa kaunti nzima. Wakenya wote walikuwa 47,564,296. Ukiwagawa kwa maeneobunge 290 yaliyowekwa na Katiba, kila moja linapaswa kuwa na watu 164,015 hivi. Maana yake ni kwamba kaunti yote, ukijumlisha Amu (mji wa Lamu), Mpeketoni, Witu, Hindi na visiwa vyake, haifikii wastani wa mbunge mmoja, ilhali ina wawili. Lamu Mashariki peke yake haifiki hata asilimia 14 ya wastani huo.

Kifungu cha 89 cha Katiba kinalegeza kidogo. Eneobunge la mjini, au lenye watu wachache waliotawanyika, linaweza kupishana na wastani kwa asilimia 40. Maeneo mengine kwa asilimia 30. Asilimia 40 chini ya wastani wa 2019 ni watu 98,409. Lamu Magharibi inapita. Lamu Mashariki haikaribii.

Basi kiti hiki kimesimama juu ya nini? Juu ya ibara ya mpito. Jedwali la Sita la Katiba ya 2010 liliagiza kwamba ukaguzi wa kwanza wa mipaka usifute eneobunge lolote lililokuwapo. Ukaguzi huo ulikamilika Machi 2012 kwa kutumia sensa ya 2009, wakati Lamu Mashariki ilikuwa na watu 18,841 na wastani wa kitaifa ulikuwa 133,138. Maeneobunge 27 nchini yaliponea hapo, Lamu Mashariki ikiwemo. Nalisisitiza neno “kwanza” kwa sababu wengi huliruka wakisoma. Ukaguzi wa pili hauna kinga hiyo.

Ukaguzi wa pili ulipaswa kufanyika kabla ya miaka 12 kwisha, yaani kufikia Machi 2024. Muda ulipita Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikiwa haina makamishna. Ilikaa hivyo tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Watu wengine wameuchukua ucheleweshaji huo kama ushindi. Mimi nauona kama muda wa kujiandaa, na sioni wengi wanaojiandaa.

Tuje kwenye historia. Eneobunge hili lina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Faza ni kisiwa cha Pate, chenye Pate yenyewe, Siyu, Faza, Tchundwa, Mbwajumwali na Kizingitini. Karne ya 18 Pate ilikuwa dola yenye sauti kubwa mwambao wote, kwa hiyo mtu asidhani pwani hii ilikuwa ya wachache tangu kale. Kiunga ni ukanda wa bara unaopanda hadi mpaka wa Somalia. Basuba ni nchi ya Waboni kando ya msitu.

Upande wa bara ndio uliopungukiwa. Wabajuni walikuwa na vijiji na mashamba kutoka Mkokoni hadi Ishakani. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, vya waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, viliwatoa. Wakahamia visiwani, wengine wakateremka Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Dola ya Somalia iliposambaratika mwaka 1991, usalama wa mpakani ukazorota tena. Kisha likaja shambulio la Mpeketoni mwaka 2014 upande wa Lamu Magharibi, na mwaka uliofuata serikali ikaanzisha operesheni ya usalama katika msitu wa Boni. Waboni, ambao maisha yao ni msitu, wakabanwa katika vijiji vichache kama Mangai, Milimani na Kiangwe.

Mtu aliyezaliwa kwa wazazi waliotoka Rubu, kijiji cha bara, akakulia Kisauni, akajiandikisha kura Kisauni, anahesabiwa Mombasa. Hilo ni sawa kisheria. Lakini wachache waliobaki wanapotumiwa kuwa sababu ya kuondoa kiti, aliyefukuzwa anakuwa ameadhibiwa mara mbili. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote alizonazo mwananchi wa Lamu Mashariki, na ndiyo ambayo sijaisikia ikitolewa kwa utaratibu.

Kura zenyewe zimekwendaje? Abu Chiaba alikuwa mbunge hadi uchaguzi wa Machi 2013, akachaguliwa kuwa seneta wa kwanza wa Lamu. Shariff Athman Ali akachukua kiti, akakitetea mwaka 2017. Mwaka 2022 kikaenda kwa Ruweida Obo, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na ikawa mara ya kwanza kushikwa na mwanamke. Kaunti hii haifuati sana mawimbi ya vyama ya pwani: magavana wake wamechaguliwa kwa UDF, Jubilee na ANC, na mwaka huo wa 2022 mwakilishi wa wanawake, Monica Marubu, alishinda bila chama.

Lamu Magharibi ina somo lake. Fahim Twaha, mtu wa Amu, alikishika kiti hicho hadi 2013. Tangu hapo amekuwapo Julius Ndegwa, kisha Stanley Muthama mwaka 2017 na 2022. Mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulioanza miaka ya 1970 ulileta familia nyingi Mpeketoni, na uzito wa kura ukahama kisiwani ukaenda bara. Si kosa la mtu. Kura hufuata watu. Ila ndiyo picha ya kitakachotokea endapo Mashariki itaunganishwa na Magharibi. Mwaka 2022 kaunti nzima ilikuwa na wapiga kura 81,453, na wa Pate, Kiunga na Basuba ni sehemu ndogo ya hao. Mgombea mwenye hesabu zake hatapoteza siku tatu za kampeni kuvuka hadi Ndau na Kiwayu. Basari za NG-CDF, mfuko wa taifa wa maendeleo ya maeneobunge, nazo zingetoka katika mfuko mmoja badala ya miwili, maana sehemu kubwa ya fedha hizo hugawanywa kwa eneobunge, si kwa vichwa.

Kuna jambo la bahari ambalo Nairobi hailiingizi katika majedwali. Chaguzi za 1992, 1997, 2002 na 2007 ziliangukia Desemba, na ya 2013 Machi, zote katika msimu wa upepo wa kaskazi. Katiba ya 2010 iliweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti, nao ni msimu wa upepo wa kusi. Tangu 2017 masanduku, makarani na wapiga kura wa visiwani wanasafiri bahari ikiwa imechafuka, na maji yakipwa kuna vijiji ambavyo mashua haifiki kabisa.

Haya ndiyo ya kuandika katika mapendekezo kwa tume. Kifungu cha 89(5) kinairuhusu tume kuangalia sura ya nchi, njia za mawasiliano, na mafungamano ya kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Sisemi hoja hizo zitatosha: Katiba imetia kikomo cha asilimia 40, na anayewaahidi wananchi kwamba kikomo hicho hakitawagusa anawadanganya. Lakini tume inalazimika kushauriana na wahusika, na mashauriano bila ushahidi ni makelele. Ushahidi upo: kumbukumbu za Bunge za miaka ya 1960, ramani za zamani, makaburi na misikiti ya vijiji vilivyohamwa, orodha za shule zilizofungwa Basuba, simulizi za wazee waliohama, zikiandikwa na kutiwa sahihi.

Mapendekezo haya pia yafikirie njia ya pili, yaani mipaka mipya ya ndani ya kaunti. Kuhamisha wadi moja au mbili kutoka Magharibi kwenda Mashariki kunaongeza idadi upande mmoja, na kunaweza kuushusha mwingine chini ya watu 98,409. Magharibi ina ziada ya watu 23,253 tu juu ya kikomo hicho. Hata ziada yote ikihamishwa, Mashariki itafika 45,511.

Tume ikishatangaza mipaka, asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, nayo mahakama ina miezi mitatu ya kuamua. Siku 30 hazitoshi kuanza kuwatafuta wazee wa Ishakani huko Mombasa na Malindi.