Kushusha nauli hakujazi basi peke yake

Kampala wengi huamini kwamba nauli ikishuka, abiria watafurika na pengo la mapato litajiziba. Haliendi hivyo. Kanuni ya zamani ya Marekani, ya Simpson na Curtin, husema nauli ikipanda asilimia 3, abiria hupungua takriban asilimia 1. Ni makadirio tu, lakini yageuze: abiria 100 wa shilingi 1,000 hulipa 100,000. Punguza nauli hadi 900, upate abiria 103. Umebaki na 92,700.

Panapouma zaidi ni kulipa mara mbili. Anayetoka Ntinda kwenda Nsambya hushuka mjini, hupanda taksi nyingine, yaani basi dogo la abiria, na kutoa nauli upya. Tiketi moja inayokubali kubadili gari ndani ya dakika 90 humsaidia kuliko punguzo la shilingi 100.

Pasi, yaani tiketi ya safari nyingi za wiki au mwezi, nayo ina hesabu yake. Anayekwenda kazini siku tano hufanya safari 10 kwa wiki. Pasi ikiuzwa kwa bei ya safari 10, nani atainunua, ilhali akiugua siku moja amepata hasara? Iwe bei ya safari 8. Ya mwezi huwakwamisha vibarua: fedha zote hawana kwa mkupuo. Afadhali kadi yenye kikomo, kama London: unalipa kila safari, ukifikisha kiwango cha wiki, zinazobaki ni bure.

Punguzo la saa sita mchana, viti vikiwa vitupu, halina gharama kubwa. Ila taksi ya watu 14 inayosubiri kujaa stejini haitaliona hilo; linahitaji basi lenye ratiba.