Tathmini ya Vyeti: Maana Yake kwa Mtaalamu Mhamiaji

Tathmini ya vyeti ni kazi ya kulinganisha elimu ambayo mtu ameipata katika nchi moja na ngazi za elimu za nchi nyingine, ili mwajiri, chuo au idara ya uhamiaji ya huko ijue shahada yake iko katika ngazi gani. Wahamiaji wengi wenye ujuzi huichanganya na jambo jingine kabisa, yaani usajili wa kitaaluma unaomruhusu mtu kufanya kazi aliyoisomea, na mkanganyiko huo huwagharimu miezi mingi, wakati mwingine miaka.

Mfano wa Kanada unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Katika Express Entry, mfumo wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa kuwapa alama, ulioanza Januari 2015, mwombaji anayetaka alama kwa elimu aliyoipata nje ya nchi hiyo huwasilisha ripoti ya tathmini kutoka kwa taasisi iliyoteuliwa na serikali, na ripoti hiyo hutumika kwa miaka 5. Ripoti inaweza kueleza kwamba shahada yake ya uhandisi ni sawa na shahada ya kwanza ya Kanada, na maana yake inaishia hapo. Cheo cha mhandisi kinalindwa na sheria za majimbo, na leseni hutolewa na chombo cha usajili cha jimbo husika kwa masharti yake chenyewe ya mitihani na uzoefu. Ndiyo maana mtu anaweza kupata ukaazi wa kudumu kwa nguvu ya elimu yake ya uhandisi, kisha akafika na kukuta haruhusiwi kujiita mhandisi. Hakudanganywa na yeyote. Amepimwa na vyombo viwili visivyoulizana.

Si kila kazi ina kizuizi hicho. Mtayarishaji wa programu za kompyuta, kwa kawaida, hahitaji leseni popote, na anayeamua ni mwajiri, ambaye mara nyingi hujali zaidi kazi ambazo mwombaji amekwisha kuzifanya. Udaktari, uuguzi na ufamasia ni habari nyingine. Nchini Uingereza, muuguzi aliyesomea nje hufanya mtihani wa nadharia kwa kompyuta, ambao anaweza kuufanya kabla ya kusafiri, halafu, ndani ya Uingereza yenyewe, mtihani wa vitendo ambamo hupitia vituo 10, kila kimoja na kazi yake ya kupimwa. Mtu aliyekaa wodini miaka 15 anaweza kujikuta akionyesha namna ya kuchoma sindano, hatua kwa hatua, mbele ya mtahini. Wengi huliona hilo kuwa dharau, ingawa kinachopimwa hapo ni kama anafuata utaratibu wa huko, na utaratibu huo hauko kichwani mwa mtu kwa sababu tu ni hodari.

Ujerumani ina sheria maalumu ya utambuzi wa sifa za kigeni tangu mwaka 2012. Ubora wake, kwa maoni yangu, ni kwamba mwombaji anaweza kutambuliwa kwa sehemu: huandikiwa kilichokubaliwa na kilichopungua, naye hufidia pengo hilo kwa mafunzo. Tangu Machi 2024, baadhi ya wataalamu wanaweza kuingia nchini humo na kuanza kazi wakati utambuzi wao ukiendelea.

Penye ugumu hasa ni kwenye karatasi. Taasisi nyingi za tathmini hutaka matokeo ya masomo yatoke chuoni moja kwa moja, na pale yanapotumwa kwa bahasha, yawe yamefungwa na kupigwa mhuri juu ya kifuniko chake. Mwombaji akiifungua aone tu kilichomo, anaanza upya. Majina nayo yana matatizo yake: cheti kina majina mawili, pasipoti ina matatu, au herufi moja imebadilika, na afisa asiyemjua mtu huyo hana sababu ya kuamini kwamba ni yuleyule. Kusahihisha hayo akiwa bado karibu na msajili wa chuo ni kazi ya siku chache. Akiwa amekwisha kuhama, inakuwa kazi ya kubembeleza watu kwa simu.

Anayesubiri usajili bado ana kodi ya nyumba ya kulipa, na ndipo wengi huanza kubeba maboksi. Hakuna aibu katika hilo, ila vyombo vingi vya usajili huuliza mwombaji alifanya kazi ya taaluma yake mara ya mwisho lini, na kila mwaka unaopita huongeza uzito wa swali hilo. Kwa sababu hiyo, mhandisi anayefanya kazi ya fundi sanifu chini ya mhandisi mwenye leseni, hata kwa mshahara mdogo kuliko wa ghalani, anakusanya uzoefu na mashahidi ambao chombo cha usajili kitawauliza habari zake.