Mtafiti wa ubongo amenukuliwa mara 10,000: hesabu hiyo inatuambia nini?

Huniuliza sana swali hili watu wanaomuuguza mzazi aliyeanza kusahau: "Nimemwona mtafiti huyu mtandaoni, ana makala 200 na amenukuliwa mara 10,000. Nimwamini?" Silipuuzi hata kidogo, maana anayeuliza anatafuta pa kushika.

Kunukuliwa ni kutajwa kwenye marejeo ya makala ya mtafiti mwingine. Aliyekutaja huenda ameitumia kazi yako, huenda ameipinga vikali, huenda amekutaja kwa mazoea tu. Zote zinahesabiwa sawa. Na anayebuni mbinu ya kuchambua picha za ubongo atanukuliwa na kila anayeitumia, hata kama yeye mwenyewe hajagundua lolote kuhusu ugonjwa.

Kipimo kinachopendwa ni fahirisi h, iliyobuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Kalamu inatosha kuipata. Panga makala za mtafiti kuanzia iliyonukuliwa zaidi, tuseme 90, 41, 12, 6, 5, 3, 0, kisha shuka nazo ukihesabu, mpaka ufike kwenye makala yenye nukuu chache kuliko nafasi yake. Ya tano imenukuliwa mara 5; ya sita mara 3 tu, haikufika sita. Fahirisi yake ni 5. Sasa ile 90 ifanye 9,000: fahirisi inabaki 5 vilevile. Ugunduzi mmoja mkubwa unamezwa. Tena fahirisi hii haishuki kwa miaka kupita, kwa hiyo aliyeanza zamani hubaki mbele ya kijana hata akiwa ameacha kufanya utafiti. Na kati ya tovuti zinazohesabu nukuu, Google Scholar kwa kawaida humpa mtu namba kubwa kuliko Scopus, kwa kuwa inakusanya hata tasnifu na vitabu vingi.

Tazama pia jina la mtafiti limekaa wapi kwenye orodha ya waandishi wa makala. Katika sayansi ya ubongo, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi yenyewe maabara, wa mwisho ndiye mkuu wa maabara. Walio katikati wamechangia sehemu, kubwa au ndogo.

Lakini ushawishi wenyewe ni kitu kingine, na hapa napenda kumtaja mtafiti wa ubongo John O'Keefe. Mwaka 1971, akiwa London pamoja na Jonathan Dostrovsky, alichapisha makala ya kurasa tano tu. Waliingiza nyaya nyembamba kwenye hipokampasi za panya, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, wakawaacha watembee huku wakisikiliza seli za neva. Kati ya seli 76 walizorekodi, 8 zilichangamka hasa panya alipofika mahali fulani. Seli nane! Hata hivyo, O'Keefe alidai kwamba ubongo unachora ramani ya mahali. Miaka 25 baadaye May-Britt na Edvard Moser walikwenda kujifunza kwake, wakarudi Norway, wakachunguza eneo la jirani na hipokampasi na mwaka 2005 wakatangaza seli za gridi, zinazochangamka panya anapopita kwenye vituo vyenye mpangilio wa pembetatu. Watatu hao walipata Nobeli mwaka 2014. Ukitaka kujua uzito wa mtafiti, uliza hivyo: nani alisimama juu ya kazi yake akaona zaidi?

Kuna upande wa pili, nao unaniuma. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha makala iliyohusisha aina moja ya protini ya amiloidi, ile inayojikusanya kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, na kupoteza kumbukumbu kwa panya. Ilinukuliwa zaidi ya mara 2,000. Baadaye ikabainika kwamba baadhi ya picha zake zilichezewa, na mwaka 2024 ikabatilishwa. Nukuu zake hazikufutika, kwa sababu makala zilizoitaja bado zipo.

Kwa hiyo anayeniletea jina la mtafiti namwomba aniletee pia makala moja, ile iliyompa matumaini. Tunaifungua pamoja. Kwanza tunatazama juu ya kichwa chake kama kuna tangazo la kubatilishwa. Kisha tunatafuta ilifanywa kwa panya au kwa watu, wangapi, na kama maabara nyingine iliyojaribu jambo lilelile ilipata jibu lilelile.