Kutafuta dalili mtandaoni si kutibiwa: maswali na majibu

Ni kweli maswali tunayoandika mtandaoni huonyesha ugonjwa wa msimu umeanza?
Ndiyo, kwa kiasi. Mtu akishikwa na homa na kikohozi huiuliza simu kabla hajamwambia jirani. Maswali hayo yakiongezeka ghafla eneo moja, huenda homa ya mafua, yaani influenza, imeshaingia hapo. Ripoti za kliniki huchelewa wiki moja au mbili. Maswali huonekana mapema.

Basi takwimu hizo zinatosha?
Hazitoshi. Google Flu Trends, mfumo wa Google wa kukadiria homa ya mafua kutokana na maswali ya mtandaoni, ilianza Marekani mwaka 2008. Mwaka 2009 ilikadiria chini wimbi la kwanza la H1N1, aina mpya ya homa ya mafua. Msimu wa 2012–2013 ikakadiria karibu mara mbili ya hali iliyoripotiwa na madaktari. Ikafungwa mwaka 2015. Habari za ugonjwa zikipamba moto, hata mzima hutafuta dalili. Takwimu hizi zisomwe pamoja na majibu ya maabara.

Nikitafuta dalili zangu, si nitajua naumwa nini?
Hapana. Homa na kikohozi vinaweza kuwa homa ya mafua, nimonia au UVIKO-19. Simu haisikilizi kifua.

Nimesoma kwamba homa ya mafua huisha yenyewe. Si nisubiri?
Hapa ndipo tunapopoteza watu. Wengi hupona, sikatai. Lakini mjamzito, mtoto mdogo, mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo hana ruhusa ya kusubiri. Dawa za virusi vya influenza hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zitokee. Saa hizo ndizo watu wanazimalizia kwenye simu! Analetwa mtoto kliniki kwangu, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, na mzazi ananifungulia kurasa alizosoma tangu juzi. Mama, baba, kurasa hizo hazijamwona mwanao. Mlete.

Hata kama nilichosoma kinasema si hatari?
Mlete.

Nianze antibayotiki zilizobaki nyumbani wakati nasubiri?
Usianze, na usisubiri. Antibayotiki haziui virusi. Dawa iliyobaki nayo ina maana kuna dozi hukuimaliza; hilo tutalizungumza siku nyingine.

Dalili zipi ni za dharura?
Kupumua kwa shida au haraka, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, degedege, midomo kugeuka bluu, mtoto kutokojoa kwa saa nyingi. Usipuuze pia homa au kikohozi kilichopungua kisha kikarudi kwa nguvu. Moja tu inatosha, huhitaji kungoja ya pili.

Na ikiwa ni usiku wa manane?
Nendeni usiku huohuo.