Redio ya gari inapodai nambari ya siri

Katika kazi za umeme wa magari zinazoletwa kwenye karakana yangu hapa Mwanakwerekwe, Unguja, hakuna inayoharibiwa na haraka kama kufungua redio iliyonunuliwa kushika nafasi ya ile iliyokufa. Mwenye gari amekwishalipa, redio imekaa vizuri kwenye dashibodi na taa zake zinawaka, lakini badala ya stesheni aliyoizoea anaona neno “SAFE”, au “CODE”, au mstari wa maandishi ya Kijapani wenye nafasi tupu za kujaza tarakimu. Aghalabu huanza pale pale kubahatisha, na mpaka kunifikia mimi huwa amekwisha kujiongezea tabu ambayo haikuwapo.

Kufuli hili lilikuwa na sababu nzuri ya kuwekwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 wizi wa redio za magari ulikithiri katika miji ya Ulaya. Mwizi alivunja kioo, akachomoa redio na kwenda kuiuza. Watengenezaji wakaamua kuifanya redio isifae kitu ikishaondolewa kwenye gari: ikikatiwa umeme wa kudumu wa betri, basi inaporudishiwa umeme haifunguki mpaka ipewe nambari yake, ambayo kwa redio nyingi ni ya tarakimu nne na kwa baadhi ya Honda ni tano. Linalowapotea wengi ni kwamba nambari hiyo ni ya redio, si ya gari. Ukinunua redio iliyotoka kwenye gari jingine, ile kadi ya nambari iliyokuja na kitabu cha gari lako haina kazi tena, na kadi inayotakiwa pengine imebaki kwa mtu wa Uingereza au Japani ambaye hutomjua maisha.

Nambari yenyewe, katika redio nyingi za zamani, imehifadhiwa kwenye chipu ndogo ya miguu minane iliyopachikwa kwenye bodi, na chipu ya namna hiyo imeundwa ili isisahau hata isipopata umeme kwa miaka. Ndiyo maana nawasihi wateja waache ile tiba inayosambazwa kwa mdomo, ya kuilaza redio ndani ya friza usiku kucha eti ipoteze kumbukumbu. Kinachopatikana kwenye friza ni unyevu, kwa sababu chuma baridi kikitolewa kwenye hewa yetu ya joto hufanya umande ndani na nje, na umande huo ukikutana na chumvi iliyokwisha kukaa kwenye bodi ndio mwanzo wa kutu. Nimefungua redio za namna hiyo na kukuta miguu ya chipu imeota ukungu wa kijani, na hapo hata nambari sahihi haikuweza kuisaidia redio.

Njia iliyo sahihi huanzia kwenye nambari ya utambulisho, ile iliyoandikwa kwenye lebo iliyobandikwa juu au ubavuni mwa kasha, kwa hiyo mara nyingi redio lazima ichomolewe isomwe. Kwa redio nyingi za Volkswagen utambulisho huo una herufi na tarakimu 14 na huanza kwa VWZ; ukikuta AUZ ujue redio ilizaliwa kwa ajili ya Audi, na SKZ ni ya Skoda, hata kama muuzaji ameapa vingine. Baadhi ya redio za Honda hazihitaji kuchomolewa: ukishikilia vitufe vya 1 na 6 kwa pamoja huku ukiiwasha, redio huonesha utambulisho wake kwenye skrini. Utambulisho huo ndio anaopelekewa wakala wa mtengenezaji, au mtaalamu mwenye kumbukumbu za nambari, naye hutoa nambari ya siri ya redio ile moja tu. Ipo njia ya pili, ya kuisoma chipu moja kwa moja kwa kifaa maalumu, ambayo kwa redio kongwe hufaulu. Lakini inataka kufungua kasha na kugusa bodi, nami huiacha mpaka njia ya lebo ishindikane.

Mwaka uliopita alinijia Maalim mmoja wa skuli kutoka Wete, Pemba, ameshuka na boti ya asubuhi, redio ameiviringisha kwenye taulo ndani ya mkoba. Gari yake ni Golf ya miaka ya 1990, na redio alikuwa ameinunua kwenye duka la spea za mtumba kwa sababu alitaka gari irudi na redio ya asili yake, baada ya kutumia kwa muda redio ya kawaida ya dukani.

“Maalim, umekwisha kuijaribu?” nilimuuliza.

“Nimetia mwaka wa kuzaliwa, nikatia na tarakimu za mwisho za simu yangu. Halafu ikakataa hata kupokea, nikatoa betri ili ianze upya.”

Redio za aina hiyo hukubali makosa mawili. Baada ya kosa la pili hujifunga kwa takriban saa moja, na saa hiyo lazima ipite redio ikiwa inapata umeme na imewashwa. Kutoa betri hakuifupishi hata dakika. Kwa hiyo niliiunganisha mezani, volti 12 kwenye waya wa kumbukumbu na volti 12 kwenye waya wa swichi, nikaiacha iwake. Maalim alikaa akanywa kahawa, nami nikaisoma lebo kwa lensi, herufi moja moja, kwa sababu mtu akichanganya 8 na B ataletewa nambari ya redio nyingine. Risiti ya duka alikuwa nayo. Nambari ilipofika saa nilikuwa nimekwisha kuitimiza, nikamkabidhi vitufe yeye mwenyewe. Kitufe cha 1 hubadilisha tarakimu ya kwanza, cha 2 ya pili, na hivyo hivyo hadi cha nne; ikiwa tarakimu ya tatu ni 6, kitufe cha 3 hubonyezwa taratibu mpaka 6 itokee. Zote nne zikishakaa mahali pake, kitufe cha kutafutia stesheni hushikiliwa kwa zaidi ya sekunde mbili. Neno “SAFE” lilitokea tena kwa muda mfupi, likatoweka, na redio ikazungumza.

Siku ya tatu alinipigia simu kutoka Wete. “Fundi, ile redio imejifunga tena.”

“Imejifunga ulipotoa betri, Maalim, au ulipozima gari tu?”

“Kila nikizima. Asubuhi nikiwasha, inataka nambari upya.”

Jibu lake lilinionesha kwamba redio haina kosa. Redio ya gari ina njia mbili za umeme: moja ya kudumu, inayolisha kumbukumbu hata ufunguo ukiwa mfukoni, na nyingine inayopita kwenye swichi, inayoiambia redio iwake na izime. Katika redio za kawaida za dukani waya wa manjano ndio wa kudumu na mwekundu ndio wa swichi. Kwenye plagi ya kawaida, ambayo Volkswagen za miaka hiyo nazo huitumia, wa kudumu huwa kwenye tundu la A4 na wa swichi kwenye A7. Volkswagen nyingi za wakati huo, hata hivyo, zimezipishanisha nafasi hizo mbili. Fundi aliyewahi kutia redio ya dukani kwenye Golf ile alizikata nyaya upande wa gari, akazigeuza ili redio yake ikubali, na kwa redio ile alikuwa sahihi kabisa. Redio ya asili iliporudi ilikuta umeme wa kudumu umekuwa wa swichi, na kila Maalim alipouchomoa ufunguo, redio ilihesabu kwamba imeibiwa.

Nilimwomba amwite fundi wa jirani mwenye mita. Swichi ikiwa imezimwa, alipima A7, ambako kwenye gari ile palitakiwa pawe na volti 12 na ushei, akakuta hapana kitu. Alipopima A4 akazikuta zote. Nyaya mbili zikabadilishwa, zikatiwa solda na kufungwa vizuri, na tangu siku hiyo redio haijadai nambari. Redio inayodai nambari kila asubuhi ipimwe nyaya kwanza. Na kwa sisi tunaoishi na hewa ya bahari, itazamwe pia terminali ya betri, kwani ule unga mweupe unaoota pale huweza kuukata umeme kwa nukta moja gari ikiruka shimo, na nukta hiyo inatosha kabisa kuifunga.

Redio za Toyota zilizotoka Japani zina mambo yake. Baadhi ya zile zenye skrini ya ramani hutokeza maandishi ya Kijapani pamoja na herufi ERC baada ya betri kutolewa, kwa sababu mwenye gari wa kwanza aliiwasha ile kinga, na nambari ya kufungulia hutafutwa kwa utambulisho unaojitokeza pale pale kwenye skrini; upigwe picha iliyotulia. Nyingine zinalalamikia kadi ya ramani iliyochomolewa na mtu aliyetaka kuitumia kwenye simu, na hapo nambari yoyote haitasaidia mpaka kadi irudi. Kabla ya kulipa, pia, fikiria kwamba redio nyingi za huko zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya Japani, 76 hadi 90, na stesheni nyingi zetu ziko juu ya hapo. Mimi humwambia mteja bei ya kuifungua na bei ya redio mpya kwa wakati mmoja, achague mwenyewe.

Redio ambayo lebo yake imekwanguliwa siipokei. Kufuli liliwekwa kwa ajili ya mtu aliyevunjiwa kioo, na fundi anayelifungua bila kuuliza anamaliza kazi iliyoanzwa na mwizi. Naomba risiti, au kadi ya gari ilikotolewa, au angalau jina la duka ninaloweza kulipigia simu. Wengi hunipa bila kinyongo, na asiyeweza huondoka na redio yake.

Kazi ikiisha, nambari huiandika kwenye karatasi mbili, moja ikakaa na hati za gari nyumbani na moja kwenye daftari langu, na siiandiki kwenye kasha la redio. Kisha huilegeza terminali ya betri mbele ya mteja, tukangoja dakika tano, nikaikaza, na yeye akaketi kwenye kiti cha dereva kuiandika nambari kwa mkono wake mpaka stesheni itoke.