Moyo wa Kima Umebaki Kwenye Mkunjo wa Kwanza

Wageni wanaofika kwenye karakana yangu ya vitabu vinavyochapwa kwa mkono hapa Mikindani huniuliza swali moja kabla hata hawajaketi: kwa nini kitabu chenye hadithi ambayo watoto wengi wa pwani wameisikia kwa bibi zao kiuzwe kwa bei ya mbuzi, tena nakala ziwe 30 tu, ilhali duka la stesheneri mjini Mtwara lingetoa kopi 300 kwa siku moja? Jibu langu huanzia kwenye hadithi yenyewe.

Hadithi ni ile ya kima na papa. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, naye kila siku humrushia papa matunda hadi wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, na wanapofika katikati ya maji anamfichulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu bila kutetereka kwamba wao wanapotembea huiacha mioyo yao mitini, basi na warudi wakauchukue. Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeanzisha misheni ya Masasi mwaka 1876, aliikusanya Unguja na kuichapisha London mwaka 1870, ikiwa ndani ya kisa cha punda wa dobi. Na asili yake inafika mbali zaidi, kwenye ngano za kale za India, ambako anayembeba kima ni mamba.

Msomaji ataona kwamba hadithi hii inakwenda na kurudi juu ya maji yaleyale. Kitabu cha kurasa za kufunua kingeikatakata bahari hiyo vipande vipande, kwa hiyo nilitengeneza ukanda mmoja mrefu wa karatasi uliokunjwa mbele na nyuma kama mifuo ya kinanda, ambao ukinyooshwa mezani hufikia karibu mita mbili na bahari hupita juu yake bila kukatika. Maneno huenda upande wa juu hadi papa anapotoa siri yake. Hapo msomaji hana budi kuugeuza ukanda wote, na kuanzia hapo anasoma akirudi kwa mikunjo ileile hadi kwenye mkuyu alikoanzia. Chini ya jani moja la mkuyu huo, jani alilolipita mwanzoni bila kulinyanyua, pamechapwa moyo mwekundu. Hicho ndicho ninachokiita kitabu cha msanii. Kitabu chenye picha nzuri ni kitu kingine, kwa maana picha zake zikiondolewa hadithi inabaki, lakini ukiuondoa mkunjo wangu kima hana pa kurudi.

Picha nazichonga kwenye lino, yaani bamba laini la linoleamu, kwa patasi ndogo, zikiwa kinyume, kwa sababu karatasi hupokea kila kitu kama kioo. Herufi pia huchongwa kinyume, na sioni haya kukiri kwamba bamba langu la kwanza lilitoa jina la kima likisomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Majirani wachongaji wa Kimakonde hunishauri nitumie mpingo, nami huwaambia kwamba mti huo unafaa sana kwa kinyago lakini kwangu ni mgumu mno na vipande vyake ni vyembamba. Kwa ajili ya maji nimetumia ubao wa mwembe usiochongwa kabisa: nausugua kwa brashi ya waya hadi sehemu laini zinaliwa na mishipa migumu inabaki imeinuka, kisha napitisha wino kwa rola, na mishipa hiyo inatoka karatasini kama mawimbi ambayo mkono wangu usingeweza kuyachora.

Kuhusu idadi, wapo wanaosema nakala ni chache kwa sababu bamba huchakaa. Kwa lino hicho ni kisingizio, maana bamba lililochongwa vizuri linastahimili mamia ya chapa. Ukweli ni kwamba mabamba manane kwa nakala 30 ni chapa 240, bila kuhesabu zilizoharibika, na baada ya hapo mkono wangu huanza kugandamiza kwa uvivu. Kila nakala naiandika namba kwa penseli, 1/30 hadi 30/30, kisha naikata mistari sura ya mabamba ili mtu asichape nakala nyingine, mimi nikiwamo. Kazi hii haina haraka: mfanyabiashara wa sanaa Ambroise Vollard wa Ufaransa alimwagiza mchoraji Marc Chagall michoro ya ngano za mshairi La Fontaine katika miaka ya 1920, akafariki mwaka 1939 kitabu hakijatoka, na michoro hiyo 100 ilitolewa na mchapishaji mwingine mwaka 1952.

Adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi zake, na ikilowa gundi hutanuka kwa upana wa nyuzi hizo kuliko kwa urefu wake. Mwaka wangu wa kwanza nilibandika majalada bila kuujali mwelekeo huo, mvua zikaanza, na asubuhi nikayakuta yote yamejipinda kama makarara ya mnazi. Tangu hapo kila karatasi naikunja kidogo kwa viganja kabla ya kuikata, kwa kuwa upande unaokunjika kwa wepesi ndio unaofuata nyuzi, na nyuzi lazima ziende sambamba na mgongo wa kitabu.

Gundi naipika kwa wanga wa muhogo, nikitia matone ya mafuta ya karafuu kuzuia kuvu. Wadudu, hata hivyo, wanaupenda wanga huo, na ndiyo sababu ninamwomba kila mnunuzi asikifungie kitabu kabatini kwenye ukuta unaotazama bahari, bali akinyooshe mezani mara kwa mara, siku ya jua, mikono ikiwa mikavu.